Mtiririko wa Mazingira: Maji Yanayostahili Kubaki Mtoni



Waamini wengi wanaposikia habari za kutunza mto, mambo mawili huwajia akilini upesi: kupanda miti kwenye vyanzo vya maji na kutotupa taka mtoni. Hayo ni mema, na tumeyahubiri mara nyingi. Makala hii inahusu jambo la tatu ambalo halihubiriwi sana, nalo ni kiasi cha maji kinachoachwa kipite mtoni, na majira ambayo kinaachwa kipite. Mto unaweza kuwa na msitu mnene kwenye chanzo chake, maji yake yakawa safi kuliko ya kisima, na bado samaki wake wakafa wote mwezi wa Oktoba, kwa sababu tu maji hayo yamegeuziwa njia kabla ya kuwafikia.

Maji hayo yanayopaswa kubaki ndiyo yanayoitwa mtiririko wa mazingira. Mwaka 2007, wanasayansi na watunza mito kutoka nchi nyingi walikutana katika mji wa Brisbane, Australia, wakatoa tamko linaloeleza maana yake. Tamko hilo linayataja mambo matatu kwa pamoja: wingi wa maji, wakati wake na ubora wake, kwa ajili ya viumbe wa mtoni na kwa ajili ya watu ambao maisha yao yanategemea viumbe hao. Hapo binadamu hakusahauliwa. Wapo wanaodhani kwamba mtiririko wa mazingira ni maji anayonyang'anywa mkulima ili apewe kiboko, na dhana hiyo imeleta ugomvi mwingi kuliko uliohitajika.

Mwaka wa mto

Katika yale matatu, wakati ndio usioeleweka upesi, kwa hiyo tutaanza nao. Mto wa nchi zetu una mwaka wake, kama Kanisa lilivyo na mwaka wake wa liturujia (msomaji atatusamehe mfano huu wa kipadre). Upo msimu wa kungoja, upo msimu wa kujaa, na kila kiumbe kimezoea kufanya jambo lake katika msimu wake. Mvua za kwanza zinaposhuka na mto kupanda kidogo, kambare hutoka katika madimbwi yao na kuelekea kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya, ambako hutaga mayai. Vifaranga hukulia huko mbugani, penye chakula kingi na maadui wachache, kisha hurudi mtoni maji yanapopungua. Mafuriko makubwa nayo yana kazi yake: husafisha tope lililotuama, hufungua upya vijito vya pembeni vilivyozibika, hujaza maziwa madogo ya bondeni na kurutubisha ardhi. Kiangazi kikifika, mkondo mdogo tu unatosha kuyafanya maji ya madimbwi yasipate joto la kupita kiasi wala kukosa hewa.

Ndiyo maana bwawa linaloweza kujisifu kwamba halikupunguza hata ndoo moja ya maji ya mwaka mzima linaweza likawa limeuharibu mto vilevile. Likiachilia maji kwa kiasi kilekile Januari hadi Desemba, samaki hapati ishara ya kwenda kutaga. Likiyashikilia mafuriko yote, mbuga haipati maji, na vifaranga hawana pa kukulia.

Mto ukikauka kabisa, viumbe hufa kwa zamu. Perege na samaki wengine wanaopumua kwa matamvua peke yake hutangulia, maana maji yaliyosimama, yenye joto na yaliyojaa kinyesi cha viboko, hewa yake huisha. Kambare, aliyejaliwa uwezo wa kuvuta hewa ya juu, hubaki akigaagaa topeni mpaka korongo wamfikie. Viboko hujibana dimbwi moja hata wakaumizana. Tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga ili kuyafikia maji yaliyo chini, na wanyama wadogo hunywa katika visima hivyo baada yao.

Ruaha Mkuu

Hayo hatukuyasimulia kwa kubuni. Ndiyo yanayoonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mto unaohusika ni Ruaha Mkuu. Tunauchagua kwa sababu hakuna mto wa Tanzania unaofundisha somo hili vizuri zaidi, na kwa sababu wasomaji wetu wengi hula mchele wake pasipo kujua.

Mto huu unaanzia katika nyanda za juu za kusini, kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inateremka kwenda katika uwanda wa Usangu. Huko maji hutawanyika katika ardhioevu kubwa, na kitovu chake ni bwawa la asili la Ihefu. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo mmoja: upande wa kaskazini-mashariki, mahali paitwapo Ng'iriama, upo mwamba ambao maji hulazimika kuupita ili mto uendelee na safari yake ndani ya hifadhi, kisha Mtera, kisha Kidatu, hata kuungana na Rufiji na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba ule, hakuna tone linalotoka, hata kama ndani ya beseni bado mna maji mengi.

Hadi miaka ya tisini mto ulikuwa ukipita mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1993 ulikatika katika hifadhi, na tangu hapo kukatika kumekuwa desturi ya kila kiangazi, kwa majuma kadhaa, na miaka mingine kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 2022 ulikauka kwa zaidi ya siku 100.

Nani alaumiwe? Swali hilo lilipata majibu mengi, na kila mmoja alimnyoshea kidole jirani yake. Wakulima waliwataja wafugaji, wafugaji waliyataja mashamba makubwa, watu wa mjini waliwataja wakata miti, na umeme ulipopungua nchini watu wote wa Usangu walitajwa kwa pamoja. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 1998 na 2005 ulionyesha kwamba sababu kubwa ya kukauka kwa mto wakati wa kiangazi ni maji yanayochepushwa na mabanio ya umwagiliaji. Ng'ombe wana madhara yao, lakini hawanywi mto mzima. Kilimo cha mpunga kilikuwa kimepanuka tangu shamba la serikali la Mbarali lilipoanzishwa miaka ya sabini, na shamba la Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya tisini, huku wakulima wadogo wakiongezeka pande zote.

Hapa pana jambo ambalo lilitushangaza tulipolisoma mara ya kwanza. Banio la kienyeji, lile la mawe, magogo na matawi, lilikuwa likivuja. Mkulima aliyeligema kila mwaka alilihesabu kuvuja huko kuwa hasara, na wafadhili waliokuja kumsaidia wakamwunga mkono. Wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma, wakayaita mabanio yaliyoboreshwa. Kwa aliye juu yaliboreshwa kweli. Lakini wakati wa kiangazi banio la zege linaweza kuuchukua mto wote, na uvujaji uliodhaniwa kuwa hasara ndio uliokuwa ukiwanywesha watu na wanyama wa chini. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wahandisi walipewa swali la mkulima mmoja, wakalijibu vema, na swali la mto halikuulizwa.

Tena maji hayo ya kiangazi hayalimi mpunga mwingi. Mpunga wa Usangu hulimwa zaidi kwa msimu wa mvua. Baada ya mavuno, mifereji huachwa wazi kwa sababu vijiji vinaitegemea kwa maji ya kunywa, ya kufulia, ya kunyweshea mifugo na ya kufyatulia matofali, na kinachobaki huishia katika majaruba matupu na kukaushwa na jua. Kwa hesabu ya mto, hapo ndipo penye upotevu mkubwa na pia penye nafasi ya kuokoa.

Hesabu ya Ihefu

Ni maji kiasi gani yanatakiwa? Watafiti walioipima Ihefu walifikia hesabu inayostahili kutafakariwa. Ili mita za ujazo 0.5 tu kwa sekunde zitoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, kiasi kidogo kabisa cha kuyaweka hai madimbwi ya hifadhi, yatakiwa wastani wa mita za ujazo 7 hivi kwa sekunde ziingie katika ardhioevu. Yaani sehemu kumi na nne ziingie ili moja itoke. Nyingine zinanyweka na jua na mimea ya bwawa. Kiasi hicho cha kuingia kilikuwa karibu mara mbili ya kile kilichokuwa kikifika wakati wa utafiti.

Hesabu hii ina pande mbili. Inaonyesha kwamba kumwomba mkulima mmoja aache ndoo chache hakutafika popote, maana ndoo hizo zitaishia Ihefu. Lakini inaonyesha pia kwamba Ihefu haipotezi maji bure. Maji yanayonyweka pale ndiyo yanayolisha matete, ndege na mazalia ya samaki ambao wavuvi wa Usangu wamewategemea miaka yote. Wapo waliopendekeza kuuzuia mlango wa Ng'iriama ili maji yatunzwe na kutolewa kidogo kidogo, na wapo waliopendekeza bwawa la kuhifadhi maji katika mto Ndembera, yafunguliwe kiangazi. Mapendekezo yote mawili yana akili ndani yake. Sisi tungependa kwanza kuona mifereji isiyo na kazi ikifungwa, kwa sababu ndiyo njia ya gharama ndogo.

Kuhusu umeme, haki itendeke pia kwa watu wa Usangu. Mtera, bwawa lililojengwa hadi mwaka 1980 kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, hujazwa na maji ya masika. Mkondo wa kiangazi, ule ambao mnyama wa hifadhini anaufia, ni mdogo mno kuweza kulijaza bwawa la ukubwa ule. Na wataalamu walioichunguza migao ya umeme ya miaka ya tisini walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu. Kiboko na balbu ya umeme havidai maji ya msimu mmoja.

Ahadi na machungu

Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza mjini London kwamba kufikia mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka tena mwaka mzima. Tangazo lilikuwa la kheri, ila miaka tisa ilipita na mto haukurudi. Katikati yake, mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekea Lindi na Pwani. Safari hiyo ilikuwa ya mateso. Ng'ombe wengi walikufa, familia zilitawanyika, na malalamiko yalikuwa mazito kiasi cha Rais kuunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na migogoro ya mipaka na vijiji ikafuata kwa miaka mingi. Ng'ombe walitoka, na kiangazi kilichofuata mto ulikauka tena.

Hapa hatuwezi kukaa kimya kama wachungaji. Mfugaji aliyepoteza mali yake kwa jina la mto, kisha mto usipone, amelipa deni ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alilipa suala la maji sehemu yake ya pekee, akafundisha pia kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwa sikio la Usangu maana yake ni kwamba mpango wa mto unaoanza kwa kumfukuza mnyonge umeanza mahali pasipo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, imeweka utaratibu ambao waamini wengi hawaujui. Katika kugawa maji, nafasi ya kwanza ni matumizi ya nyumbani. Nafasi ya pili ni akiba kwa ajili ya mazingira. Kilimo, viwanda na umeme huja baada ya hayo. Afrika ya Kusini ilikuwa imetangulia kuweka akiba ya namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 1998. Kwa hiyo mto, mbele ya sheria ya Tanzania, hauombi sadaka.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo itoayo vibali vya kutumia maji ya Ruaha, na jumuiya za watumiaji maji ndizo zinazopanga zamu mtoni. Kibali huandikwa kwa kiasi. Ugumu ni kwamba mto hauna kiasi kimoja. Mwenye kibali cha lita kadhaa kwa sekunde huzihesabu kuwa zake Machi na Oktoba sawasawa, ilhali Oktoba mto mzima huenda hauna lita hizo. Zamu inayogawa kwa mafungu, kwamba banio hili lipate theluthi ya kilichopo na mto ubaki na fungu lake, inaheshimu majira kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Watafiti wa Usangu waliwahi kulifundisha hili kwa mchezo wa golori. Ubao mrefu uliinamishwa ukawa mto, golori zikawa maji, vijiti vikawa mabanio na vishimo vikawa mashamba. Wakulima wa juu na wa chini waliketi pamoja. Raundi ya kwanza kila mtu alichota awezavyo, na vishimo vya chini vikabaki vitupu mbele ya macho ya wote. Raundi zilizofuata walianza kupangana. Mtu akiuona mto wote kwa mara moja juu ya meza, hoja yake hubadilika.

Chura wa Kihansi

Katika bonde hilohilo la Rufiji upo mfano mwingine, mdogo kwa umbo na mkubwa kwa mafundisho. Mto Kihansi huporomoka kwenye korongo refu katika milima ya Udzungwa, na manyunyu ya maporomoko hayo yalikuwa yakilowesha daima majani ya pembeni. Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza kujengwa, aligunduliwa humo chura wa manjano, mdogo kama ncha ya kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa kati ya mwaka 1999 na 2000, maji mengi yaliingia kwenye handaki na manyunyu yakakoma.

Chura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, wakianzia katika bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga yale manyunyu, na sehemu ndogo ya mto ikaachiwa ipite njia yake ya zamani. Chura waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa ukungu ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka katika mazingira yao ya asili. Uzao wa wale waliokwenda ughaibuni ulirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiliwa tena korongoni. Umeme wa Kihansi unaendelea kuwaka majumbani mwetu. Gharama ya mabomba, maabara na miaka hiyo yote ingekuwa ndogo zaidi kama swali la maji ya kuacha lingeulizwa kabla ya handaki kuchimbwa.

Swali hilo sasa limehamia chini zaidi, ambako bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Chini yake wapo wakulima wa mlau, wanaopanda katika ardhi iliyoachwa na mafuriko, wapo wavuvi wa maziwa ya pembezoni mwa Rufiji, na upo msitu wa mikoko wa delta, mkubwa kuliko mingine yote ya Tanzania, ambamo kamba huzaliana. Wote hao waliishi kwa kupanda na kushuka kwa mto. Namna bwawa litakavyofunguliwa, mwezi kwa mwezi, itaamua mengi ya maisha yao, na ratiba hiyo inastahili kujulikana na kujadiliwa vijijini.

Banio la parokia moja

Tulipata kuhudumu katika parokia yenye mfereji, na Dominika moja baada ya Misa tuliombwa kusuluhisha. Kamati ya maji ilikuwa imefunga banio mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamekwisha, ili mto upate maji yake. Wanaume waliafikiana vizuri na kutia sahihi. Siku ya tatu akina mama walilifungua usiku. Mmoja wao, mwanachama wa WAWATA na mtu mzima wa heshima, alisimama mbele yetu akasema kwamba hajakataa mto uishi, ila aliyefunga maji hakuwahi kubeba ndoo kutoka kwenye kisima kilicho umbali wa saa nzima.

Hapakuwa na la kujibu. Banio liliachwa wazi kiganja kimoja kiangazi kile chote, na mkutano uliofuata wa kijiji, fungu la kwanza la fedha, ambalo lilikuwa limetengwa kuongezea zege kwenye mfereji, lilihamishiwa kuchimba visima viwili. Mwaka wa pili, visima vikitoa maji, banio lilifungwa Julai. Alilifunga mama yuleyule, maana kamati ilikuwa imempa ufunguo.